Kiranga Asiyekufa: Mchezo wa Kuigiza Wahusika na Historia ya Kubandwa Nchini Burundi

Likizo ya mwaka jana nilirudi nyumbani Giheta, na binamu zangu wawili wakaja kutoka Muyinga kututembelea. Mmoja wao alikuwa amepakua kwenye simu yake kanuni za mchezo ambao vijana wa Marekani na Ulaya wanaupenda sana. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja hujichagulia mhusika mwenye jina lake, silaha yake na uwezo wake, na mmoja huwa msimulizi anayewaongoza wenzake katika nchi ya kubuni. Mtu akitaka kuruka mto au kumpiga adui, hutupa dadu, na dadu ndiyo inayoamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa ulitoka Marekani mwaka 1974, ukaitwa Dungeons & Dragons, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi hatukuwa na dadu yenye pande 20, basi tukaandika namba kwenye vipande 20 vya karatasi tukavitia katika kopo la maziwa. Tulicheza kwa Kiswahili, kwa sababu binamu zangu walizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara, na mimi nasoma Kiswahili chuoni.

Jioni ya pili umeme ulikatika. Tulikuwa tunacheza kwa mwanga wa mshumaa, na bibi yetu alikuwa kando akichambua maharage. Ikafika zamu yangu nikasema: "Mimi ni mchawi. Nina miaka mia saba, na sifi." Bibi hajui Kiswahili kingi, lakini maneno hayo aliyaelewa. Aliacha maharage akaniuliza kwa Kirundi: "Nani amekupa ruhusa ya kusema hivyo? Mzazi wako katika jambo hilo ni nani?" Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike insha hii. Nitaeleza kwamba kuvaa jina la shujaa asiyekufa, kusema kwa sauti yake na kutendewa kama yeye, halikuwa jambo geni hapa kwetu. Mababu zetu walifanya hivyo kwa karne nyingi, na walikuita kubandwa. Nitaeleza pia mahali ambapo jambo hilo linafanana na mchezo tuliocheza na mahali linapoachana nao, kisha nitauliza kwa nini mimi, kijana wa Giheta, nilijua habari za wachawi wa Ulaya kabla ya kujua habari za Kiranga.

Kwanza tuanze na neno lenyewe. Neno kubandwa linapatikana katika Kirundi na Kinyarwanda, na wataalamu wengi hulihusisha na kitenzi kubanda, yaani kukandamiza. Anayebandwa ni mtu anayekaliwa na roho ya shujaa. Nchini Burundi mkubwa wa mashujaa hao ni Kiranga. Nchini Rwanda huitwa Ryangombe, na jina hilo linajulikana hata Burundi. Upande wa Tanzania, Wasumbwa na Wanyamwezi walikuwa na chama cha Waswezi, ambacho nacho kilimheshimu Lyangombe. Ukienda Uganda, katika nchi za Bunyoro na Nkore, unakutana na Bacwezi, wafalme wanaosimuliwa kwamba walitawala muda mfupi, wakaonyesha maajabu, kisha wakatoweka bila mtu kuona makaburi yao. Majina kama Ndahura na Wamara bado yanatajwa huko. Kwa hiyo tunapozungumzia Kiranga hatuzungumzii imani ya kijiji kimoja. Tunazungumzia eneo zima la Maziwa Makuu, ambalo watu wake walibadilishana mashujaa kama walivyobadilishana chumvi na majembe.

Hadithi ya shujaa huyu husimuliwa kwa namna nyingi. Masimulizi yaliyoandikwa zaidi ni ya Rwanda, na mwanzo wake unamhusu mchezaji. Ryangombe alishindana na Mpumutumucuni kugombea ukubwa, na shindano lao lilikuwa mchezo wa bao, ambao Wanyarwanda huuita igisoro na sisi Warundi huuita ikibuguzo. Ryangombe akashindwa. Alipoteza ukubwa wake kwa kete, akaenda zake kuwinda. Katika safari zake alimpata Binego, mwana mkali kuliko baba, na huyo Binego ndiye aliyekuja kumkomesha Mpumutumucuni na kumrudishia baba yake nafasi yake. Mwishowe Ryangombe alikwenda kuwinda ingawa mama yake alikuwa ameota ndoto mbaya na kumsihi asitoke. Nyati akampiga pembe. Alipokuwa anakufa aliegemea mti wenye maua mekundu ambao sisi tunauita umurinzi, na wenzake wakaamua kufa pamoja naye. Kabla ya kukata roho aliagiza watu waendelee kumwita. Ndiyo maana nasema hafi: kifo chake ndicho mwanzo wa kuitwa kwake.

Mti wa umurinzi bado upo. Hapa Giheta watu huupanda kwenye ua, na watoto huchezea mbegu zake nyekundu. Nilizichezea mimi pia, na hakuna aliyeniambia huo ni mti wa nani.

Pili, tuangalie jinsi kubandwa kulivyofanyika. Waliokwisha kuingizwa katika jambo hili nchini Burundi waliitwa ibishegu. Watu walimwita Kiranga walipopatwa na ugonjwa usiopona, mwanamke alipokosa mtoto, au baada ya mavuno mazuri ili kushukuru. Imana, yaani Mungu Muumba, alikuwa mbali, na Kiranga alikuwa mtu wa katikati, anayepeleka maombi na kurudisha majibu. Siku ya shughuli, mtu mmoja alimbeba Kiranga mwenyewe: alishika mkuki mtakatifu, alipambwa, na tangu hapo hakuitwa tena kwa jina lake la nyumbani. Wengine walibeba wenzake Kiranga, kila mmoja na tabia yake. Walizungumza kwa maneno ya pekee ambayo mtu wa nje hakuyaelewa. Walikula, walikunywa pombe ya mtama na ya ndizi, na walisema mambo ambayo siku nyingine yangewatia aibu. Aliyeingia kwa mara ya kwanza alipata mzazi wa pili, mzazi wa kubandwa, naye aliapa kutotoa siri.

Hapo nikaelewa swali la bibi. Kwake yeye, mtu hawezi kusema "mimi ni fulani asiyekufa" bila mzazi wa kumshika mkono wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Baada ya siku kadhaa nilimwomba anieleze zaidi. Alikuwa mtoto katika miaka ya 1950, na aliyoyaona aliyaona kupitia tundu la ua, kwa kuwa watoto walifukuzwa. Alimwona jirani yao, mtu maskini ambaye kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya wengine, amepakwa udongo mweupe na ameshika mkuki. Alimwona mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko wote mlimani kwao amepiga magoti mbele ya jirani huyo, akimwita Kiranga. Asubuhi yake yule mwenye ng'ombe alimwita tena yule maskini aje abebe mzigo. "Lakini hakumwita kama zamani," bibi aliniambia. "Alimsalimia kwanza." Nilipomuuliza maneno waliyokuwa wakisema, alinyamaza. Kisha akasema kwamba mama yake aliapa, na yeye hawezi kuvunja kiapo cha mama yake kwa ajili ya alama zangu za chuo. Sikumsumbua tena.

Ushahidi wa bibi ni wa mtu mmoja, na ni wa mtoto aliyechungulia. Hata hivyo unaafikiana na mambo yaliyoandikwa na watafiti. Kubandwa kuliwapokea Wahutu, Watutsi na Watwa, wanaume kwa wanawake. Mwanahistoria Iris Berger, aliyechapisha mwaka 1981 kitabu kuhusu dini na upinzani katika falme za eneo hili, alionyesha kwamba wanawake walipata humo heshima na madaraka ambayo hawakuyapata kwa urahisi mahali pengine. Nchini Burundi mfano mkubwa ni Mukakiranga, yaani mke wa Kiranga. Huyu alikuwa mwanamke hai aliyeishi maisha yake yote katika nafasi ya mke wa shujaa aliyekwisha kufa. Alikuwa na cheo katika sherehe ya Umuganuro, ambapo mwami alionja mtama wa mwaka na kufungua msimu wa kupanda kwa ajili ya nchi nzima.

Hapa Giheta hatuwezi kutaja Umuganuro bila kutaja Gishora. Kilima cha Gishora kiko katika tarafa yetu, kilomita chache kutoka mjini Gitega, na ni makao ya ngoma yaliyoanzishwa na Mwezi Gisabo, mwami aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi kifo chake mwaka 1908. Ngoma mbili zinazotunzwa pale, Ruciteme na Murimirwa, zina majina kama watu, na huheshimiwa kama watu wenye cheo. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza uchezaji wa ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wageni huja Gishora, hupiga picha, huondoka wakifurahi. Kuhusu Kiranga hawaulizi neno, na mara nyingi sisi wenyeji hatuna la kuwajibu.

Tatu, tujiulize Kiranga alikwenda wapi. Wamisionari waitwao Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899. Kwao Kiranga alikuwa shetani, na mtu aliyetaka kubatizwa alipaswa kumkana. Utawala wa Kijerumani na baadaye wa Kibelgiji haukuwa na sababu ya kumtetea. Umuganuro wenyewe uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati Mwambutsa alipokuwa mwami chini ya Wabelgiji. Katika miaka ya 1930 watu waliingia Ukristo kwa maelfu, na mikuki ya Kiranga ikafichwa darini au ikatupwa. Ufalme ulipofutwa tarehe 28 Novemba 1966, sherehe zilizoshikamana na ikulu hazikuwa tena na mahali pa kurudi.

Lakini haikuwa dini peke yake. Watawala wa kikoloni waliwaogopa watu wanaosema kwa sauti ya wasiokufa. Katika mpaka wa Uganda na Rwanda, mwanamke aliyeitwa Muhumusa, aliyesema kwa jina la Nyabingi, alikusanya wafuasi wengi hata Waingereza wakamkamata mwaka 1911, na mwaka uliofuata wakatunga sheria ya kupinga uchawi. Hapa Burundi, uasi wa mwaka 1934 kaskazini-magharibi mwa nchi unahusishwa na mwanamke aliyeitwa Inamujandi, ambaye wakoloni walimwona kuwa mchawi tu. Mtu anayesema "mimi ni fulani asiyekufa" anaweza kukataa kodi na kumdharau chifu, na hakuna askari anayeweza kumfunga yule anayesema ndani yake.

Hapo pana tatizo la lugha ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kulitazama. Tulipokuwa tunacheza, binamu yangu alitafsiri jina la mhusika wangu kuwa "mchawi". Kwa Kiingereza mhusika huyo ni mzee mwenye elimu ya siri, ambaye anaweza kuwa mwema. Kwa Kiswahili mchawi hana wema: ni mtu anayeua watu usiku. Kirundi nacho kinatenganisha: umurozi ndiye anayedhuru, na umupfumu ndiye anayebashiri na kutafuta dawa. Wakoloni hawakutenganisha. Waliwatia wote katika kapu moja, na sheria zao zikaandikwa hivyo. Mimi nami, karibu miaka mia baadaye, nilifanya kosa hilohilo mbele ya bibi yangu. Laiti ningesema "mimi ni mpfumu mwenye miaka mia saba", pengine angeniuliza tu ninatibu nini.

Nne, je, ni haki kulinganisha kubandwa na mchezo? Wapo watakaosema ninawadharau mababu. Wapo pia watakaosema ninaupamba ushirikina. Nawajibu wote wawili kwamba kulinganisha si kusawazisha. Yanayofanana ni haya: kuna kundi, kuna majina ya kuvaa, kuna hadithi inayojulikana na wote ambayo kila mmoja anaiongezea kidogo, kuna kanuni za kuingia na za kutoka, na kuna mambo yanayoruhusiwa ndani ambayo nje yamekatazwa. Tena mashujaa wenyewe si malaika. Wanawinda, wanagombana, wanashindwa katika bao, wanakataa ushauri wa mama zao. Maisha yao ni ya kila siku ila makubwa zaidi, na ndiyo sababu mkulima aliweza kuyavaa.

Jambo hili halipo bara peke yake. Zanzibar kuna pepo wa kibuki, wanaosemekana kutoka Bukini, na watu wanaopandisha pepo hao huwa wafalme na wakubwa wa ng'ambo, wakatumia maneno ya Kibuki na kunywa vinywaji ambavyo mtu huyo, akiwa Mwislamu, siku nyingine hagusi. Hapo pia mtu wa kawaida anapewa saa chache za kuwa mtu mwingine, na jamii inajua kumpokea anaporudi.

Tofauti ni nzito zaidi. Sisi tulicheza ili muda upite. Wao walimwita Kiranga kwa sababu mtoto alikuwa anakufa. Sisi tulipochoka tulifunga simu. Wao walitoka na mzazi mpya, ndugu wapya na kiapo cha maisha. Katika mchezo wetu dadu haijui jirani yangu ni nani, lakini katika kubandwa jirani ndiye mwenye mkuki.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Ni rahisi kusema kwamba kama tungebaki na Kiranga, Warundi tusingeuana. Nimewahi kusikia watu wakisema hivyo, na ningependa kuamini. Bibi aliniambia kwamba mzazi wa kubandwa wa baba yake alikuwa mtu wa kabila jingine, na kwamba familia hizo mbili ziliitana ndugu. Nilimuuliza undugu huo uliwasaidia nini mwaka 1972 na mwaka 1993. Alifikiri kwa muda mrefu. Alisema mwaka 1993 mtu wa familia ile alikuja usiku kuwaambia wakimbie, na watu wengine wa familia hiyohiyo hawakuja. Kwa hiyo siandiki kwamba kubandwa kungetuokoa. Naandika kwamba palikuwa na uzi mmoja zaidi uliowaunganisha watu wa mlima mmoja, kwamba uzi huo ulikatwa kabla ya sisi kuzaliwa, na kwamba aliyekuja usiku ule alikuwa bado ameushika.

Kwa kumalizia, naona mambo matatu. Kwanza, dunia za kubuni zenye mashujaa wasiokufa hazikuletwa kwetu na simu. Pili, kuzijua za wengine bila kujua zetu kuna sababu za kihistoria zinazoweza kutajwa kwa majina na miaka: misheni, sheria, kuachwa kwa Umuganuro, na aibu waliyofundishwa wazee wetu. Tatu, kuirudisha historia hii si lazima kuirudisha imani. Mimi ni Mkristo na nitabaki hivyo. Lakini nataka mtoto wa Giheta anayeokota mbegu nyekundu za umurinzi aambiwe kwamba, kwa hadithi za wazee, mti huu ulimshika shujaa alipokuwa anakufa. Kazi hiyo ni ya shule, na ni ya sisi tunaosoma lugha, kabla ya wazee waliochungulia kwenye ua kumalizika.

Siku ya mwisho ya likizo tulicheza tena. Nilibadilisha mhusika wangu, nikachagua mwindaji wa kawaida, mtu anayekufa. Kabla hatujaanza nilimwendea bibi nikamwomba anipe jina la kumpa. Alinipa jina la babu yake. Akasogeza kiti chake karibu na mshumaa, akasema tuendelee, ila nisimpeleke porini siku ambayo mama yake ameota vibaya.